Islahi Huanzia Jikoni na Uani

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri, mbele ya wazee, akina mama na vijana wa jumuiya)



Ndugu waheshimiwa, akina mama, na nyinyi vijana wetu wapenzi,

Mada tuliyopewa leo imewashangaza baadhi yenu. Kabla ya sala mzee mmoja alitushika mkono akatuuliza kwa upole: “Je, mchicha na mapishi nayo ni mambo ya kuhutubiwa msikitini?” Tunamjibu kwa heshima zote kwamba Qurani Tukufu ilitutangulia katika mada hii. Katika Sura Abasa mwanadamu anaamrishwa akitazame chakula chake. Kisha Mwenyezi Mungu anamsimulia jinsi mvua inavyomiminwa, ardhi inavyopasuka, na nafaka, zabibu, mboga, mizeituni, mitende, bustani zilizosongamana na matunda vinavyotoka humo, viwe manufaa yake yeye na wanyama wake. Anayekula bila kutazama ameacha jambo aliloagizwa. Na hapana mahali pa kukitazama chakula kwa ukaribu zaidi kuliko pale kinapoota na pale kinapopikwa.

Ndugu zetu, jumuiya hii ilianzishwa kwa ajili ya islahi, yaani kuyatengeneza yaliyoharibika. Kwa miaka mingi tumesimama hapa tukizungumza juu ya hirizi, ramli, gharama za harusi na mambo yaliyozushwa katika ibada. Hayo ni ya lazima, na tutaendelea kuyasema. Lakini hapana budi tujiulize: mtu anayetusikiliza hapa kwa nusu saa siku ya Ijumaa, anarudi katika nyumba ya namna gani? Katika Sura Tahrim waumini wanaamrishwa kuzikinga nafsi zao pamoja na watu wa nyumbani kwao. Amri hiyo haiwezi kutekelezwa na mtu asiyekuwapo nyumbani, wala na yule aliyepo kwa mwili tu.

Neno tulilolitamka

Itatubidi tuanze kwa kujishitaki wenyewe, maana si vizuri kumpa ndugu yako dawa uliyoikataa wewe.

Miaka miwili iliyopita daktari alitupima akakuta shinikizo letu la damu limepanda. Alitupa dawa, akatutaka pia tupunguze chumvi na mafuta, na tuzidishe mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja kidogo cha chai, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga. Tulirudi nyumbani tukamweleza mama watoto, kisha tukasahau. Yeye hakusahau.

Jioni ya tatu alituwekea chakula ambacho hatukuwahi kukiona juu ya mkeka wetu. Kulikuwa na ugali wa mtama, na biringanya zilizochomwa juu ya makaa, zikamenywa, zikapondwa pamoja na kitunguu, nyanya na maji ya ndimu. Chumvi ilikuwa chembe tu. Hatukuuliza jina la chakula wala aliyemfundisha. Tulionja tonge moja, tukaisukuma sahani, tukasema mbele ya watoto: “Hiki ni chakula cha mgonjwa, si cha mwenye nyumba.” Tukavaa kofia, tukatoka kwenda kununua chipsi na mishikaki njia panda. Mama hakujibu neno. Alikusanya vyombo.

Baada ya wiki moja, asubuhi, binti yetu aliyekuwa na umri wa miaka saba aliwekewa bakuli la uji. Akalisukuma, akamtazama mama yake akasema: “Hiki ni chakula cha mgonjwa.” Maneno yalikuwa yale yale, na hata namna ya kukunja uso ilikuwa yetu. Tulitaka kumkemea, lakini ulimi uligoma. Tungemkemea kwa kosa gani, naye alikuwa amesoma somo alilofundishwa na baba yake?

Jambo lililotuumiza zaidi ni kwamba Ijumaa ya wiki hiyo hiyo sisi ndio tuliotoa darasa hapa msikitini. Tulisimulia hadithi iliyopokewa na Abu Huraira r.a. kwamba Mtume s.a.w. hakupata kukitia ila chakula hata siku moja. Alipokipenda alikula, na alipokuwa hakitamani alikiacha. Tulieleza vizuri, na ndugu wakatuombea dua. Na mama watoto alikuwa upande wa akina mama, nyuma ya pazia, akisikiliza.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi tuliiona methali hiyo ikitimia katika muda wa siku saba.

Mtume s.a.w. alivyokuwa nyumbani kwake

Bibi Aisha r.a. aliulizwa Mtume s.a.w. alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Katika mapokezi mengine tunaelezwa kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Huyu ndiye aliyekuwa akipokea wahyi, akiongoza majeshi, akiamua magomvi ya makabila, na wajumbe wakimjia kutoka pande zote. Mwanamume gani miongoni mwetu ana shughuli nyingi kuliko yeye?

Kadhalika hakukidharau chakula kidogo. Jabir r.a. amesimulia kwamba siku moja Mtume s.a.w. aliomba kitoweo nyumbani kwake, akaambiwa hapana ila siki. Akaagiza iletwe, akawa anaila huku akiisifu. Ndugu wapenzi, tuifikirie nyumba hiyo. Mwenye nyumba alikuwa na kila sababu ya kununa, naye akasifu. Basi mwanamke aliyekuwa na siki tu ya kuleta mezani alibaki na heshima yake.

Tulipokwisha kuyatafakari haya, tulimwomba mama watoto msamaha. Tulimwomba mbele ya watoto, kwa sababu neno baya nalo lilisemwa mbele yao. Akajibu: “Msamaha nimekwisha kutoa, baba watoto. Lakini biringanya sokoni ni ghali, na fedha ya matumizi haijaongezeka. Ukitaka kunisaidia, ule ua wa nyuma umekaa bure.”

Ua wa nyuma

Ua wetu, kama nyua nyingi za hapa Dar es Salaam, ulikuwa na urefu wa hatua nane na upana wa hatua tano. Ulikuwa mchanga mtupu, uliochanganyika na vigae vya chupa na mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, lakini ardhi ilikuwa bado imeitunza. Tuliianza kazi sisi na kijana wetu wa miaka kumi na mitano, kila siku baada ya Alasiri, kwa muda wa saa moja.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba si jambo geni. Baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974 taifa liliitwa katika Kilimo cha Kufa na Kupona, na katika dhiki ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haitoshi hata wiki, wafanyakazi wengi wa mijini walilima mboga kuzunguka nyumba zao. Kisha maduka yalipojaa, tulizisakafia nyua kwa saruji tukasema tumeendelea. Bei za vyakula zilipopanda duniani mwaka 2008, na zilipopanda tena mwaka 2022, nyumba nyingi hazikuwa hata na shina moja la pilipili.

Mwanzo wetu haukuwa mzuri. Tulinunua samadi mbichi, tukaimwaga siku hiyo hiyo, ikaiunguza miche. Mama mmoja wa jirani, mkulima wa miaka mingi, alitufundisha kwamba samadi huachwa ikaoza mpaka ikapoteza joto na harufu kali, ndipo ichanganywe na udongo. Tulipanda tena mchicha. Ukaota vizuri, na siku ya kumi kuku wa mtaani wakaingia wakaumaliza wote. Tulipokuwa tumesimama tumeshika viuno, kijana wetu akasema: “Baba, si ulitufundisha kwamba anachokula ndege ni sadaka? Basi hii ndiyo sadaka yetu ya kwanza.” Tulicheka sote, na mama akatoka jikoni kuja kuuliza kuna nini. Hatukumbuki lini kabla ya siku hiyo tulicheka pamoja sote wanne.

Na kijana alikuwa amesema kweli. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba Mwislamu hapandi mti wala hapandi mbegu, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, isipokuwa huandikiwa sadaka. Na katika mapokezi ya Jabir r.a. imetajwa kuwa hata kinachoibwa humo ni sadaka kwake. Hayo hayatuzuii kujenga uzio, nasi tuliujenga. Ila yanatuzuia kumpiga mtoto wa jirani aliyechuma nyanya mbili.

Sasa tunaomba tuwaambieni faida kubwa tuliyoivuna, nayo haikuwa mboga. Katika mwezi wa pili, tulipokuwa tumeinama tukitoa mawe, kijana wetu alianza kusema bila kuulizwa. Akasema kwamba amekuwa akitoroka vipindi vya hesabu kwa sababu haoni maandishi ya ubaoni, na aliona haya kusema. Tulikuwa tumemwita mvivu mwaka mzima. Tulikuwa tumemwadhibu. Kumbe alihitaji miwani. Tulilala naye chini ya bati moja tusijue, kwa sababu tulikuwa tukizungumza naye kwa amri na maswali tu: umesali, umesoma, umetoka wapi. Uani hapakuwa na swali. Palikuwa na kazi, na watu wawili walioielekea kazi hiyo bega kwa bega, na hapo kijana akapata nafasi ya kusema. Akina baba, tunawaombeni mlifikirie jambo hili. Huenda na nyumbani kwenu yuko mtoto mwenye neno ambalo bado hajapata mahali pa kulisemea.

Mapishi mapya si uzushi

Mboga zilipoanza kupatikana, lilikuja jambo la pili, yaani kuzipika. Hapa pana ugonjwa wetu mwingine, ugonjwa wa kusema: “Sisi tumezoea.” Wengine hata wamekuwa wakiutumia mzaha kwamba jumuiya inayopiga vita bidaa haipasi kuleta mapishi mapya. Tunawajibu kwamba uzushi uliokatazwa ni uzushi katika dini. Haukukatazwa katika sufuria, maadamu kilichomo ni halali na ni kizuri.

Tena tuyachunguze hayo mazoea yetu. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, nyanya, pilipili, mapapai na mananasi, vyote asili yake ni bara la Amerika. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, na vyakula hivyo viliingia kwetu katika karne zilizofuata. Nazi, ndizi na mpunga zilikuja zamani zaidi kutoka Asia. Nafaka za wahenga wa bara hili zilikuwa mtama, uwele na ulezi. Basi ugali wa mtama, ule tuliousukuma kwa kuuona mgeni, ulikuwa chakula cha babu zetu. Na ugali wa mahindi tunaouita wa asili ulikuwa siku moja pishi jipya la bibi fulani, ambaye huenda mumewe naye alikunja uso. Tunamshukuru bibi huyo kwamba hakukata tamaa.

Mtume s.a.w. ametuachia mfano mzuri sana katika jambo hili. Katika nyumba ya Bibi Maimuna r.a. aliletewa nyama ya mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, iliyochomwa. Alipoelezwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid r.a. akamwuliza kama ni haramu. Akajibu kwamba si haramu, ila mnyama huyo hakuwa akipatikana katika nchi ya watu wake, na kwa hiyo hakuwa na hamu naye. Khalid akaivuta, akala, na Mtume s.a.w. akimtazama. Humo mna adabu mbili. Ya kwanza, asiyekitaka chakula ana ruhusa ya kukiacha bila kukitukana wala kumtukana mpishi. Ya pili, asiyekitaka asimzuie anayekitaka.

Nyumbani kwetu tuliifanya hadithi hiyo kuwa sheria ya mkeka. Kila Jumamosi hupikwa pishi moja jipya kwa mboga ya uani. Mpishi hubadilika kwa zamu, na wanaume hawakusamehewa. Kila mtu huonja. Asiyependa huacha kimya, na anayependa husifu kwa sauti.

Yako mapishi yaliyoshindikana. Binti yetu mkubwa wa moyo, ingawa ni mdogo wa miaka, alisikia hadithi ya Anas r.a. aliyemwona Mtume s.a.w. akiyafuata mamumunye pande zote za chombo, na tangu siku hiyo Anas akayapenda. Akaomba tupike mumunye, mboga ambayo vijana wengi wa siku hizi huidharau. Mara ya kwanza tulilitia maji kama tunavyofanya kwa boga, likawa rojorojo. Hatukujua kwamba mumunye lina maji yake ya kutosha. Mara ya pili mama alituelekeza tulikate vipande, tukaange kitunguu kidogo na bizari, tulifunike liive kwa moto mdogo katika maji yake, na tui zito litiwe mwisho kabisa. Mara hiyo chungu kilikombwa.

Aidha tumejifunza kwamba chumvi ikipunguzwa si lazima ladha ipungue. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na majani ya giligilani hufanya kazi kubwa. Mchicha uliotiwa karanga zilizotwangwa hauhitaji nyama ili kuheshimiwa. Kisamvu pamoja na kunde ni kitoweo kamili, ila tunawakumbusha vijana wanaojifunza kwamba majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi. Yatwangwe vizuri na yachemshwe kwa muda wa kutosha, kama bibi zetu walivyofanya.

Tena ifahamike kwamba kujaribu mapishi si kufuja. Katika Sura Aaraf tumeruhusiwa kula na kunywa, na papo hapo tumekatazwa israfu. Pishi jipya lipikwe kidogo, kwa kilichopo, na maganda yake yarudi shimoni yawe mboji. Mtu anayenunua viungo vya gharama kubwa ili aonekane na wageni, huyo hakujaribu pishi bali amejaribu majivuno.

Haki ya jirani na ya mfiwa

Ndugu wasikilizaji, bustani ina mtihani wake. Qurani Tukufu katika Sura Al-Qalam inatusimulia habari za wenye bustani walioapa kuyavuna matunda alfajiri, wakinong'onezana njiani ili asiingie masikini yeyote. Walipofika waliikuta imeteketea. Kosa lao halikuwa kulima wala kuvuna. Kosa lao lilikuwa ule mnong'ono.

Mtume s.a.w. alimwagiza Abu Dharr r.a. kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Angalieni hakumwambia aongeze nyama, ambayo huenda hakuwa nayo. Alimwambia aongeze maji. Basi hakuna aliye masikini kiasi cha kushindwa kumpa jirani. Wala jirani hapa si Mwislamu peke yake. Yule mama aliyetufundisha habari ya samadi ni Mkristo, na fungu la kwanza la mchicha wetu lilikwenda mlangoni kwake.

Aidha lipo jambo ambalo jumuiya yetu imelisema mara nyingi. Ja'far bin Abi Talib r.a. alipouawa shahidi katika vita vya Muuta mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume s.a.w. aliwataka watu waitengenezee chakula familia yake, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza sunna hiyo juu chini. Mjane bado machozi hayajakauka, nasi tunamdai pilau, tena siku ya tatu, na ya arobaini. Mwaka jana alifariki jirani yetu, akaacha mke na watoto wadogo. Tulikuwa na mamumunye, matembele na bamia uani. Kwa siku tatu kila nyumba katika safu yetu ilipeleka chungu kimoja, na jikoni kwa mfiwa hapakuwashwa moto. Hakukopa hata shilingi moja. Ndugu, mahubiri juu ya hitima tuliyatoa miaka mingi bila kueleweka, lakini vyungu vile vilieleweka siku ya kwanza.

Wasia wetu

Tunamaliza kwa wasia mchache ambao kila nyumba inaweza kuutekeleza.

Kwanza, kila nyumba ipande kitu. Asiye na ua atumie gunia. Simamisha katikati kopo lisilo na mfuniko wala kitako, ulijaze kokoto, uzungushie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha ulivute kopo juu na kurudia mpaka gunia lijae. Toboa matundu ubavuni, upande miche humo, na maji yamiminwe kwenye zile kokoto za katikati ili yafike chini. Anzeni na mchicha, ambao huweza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, na matembele, ambayo hupandwa kwa marando na huchumwa tena na tena. Mkiona vidukari, twangeni majani ya mwarobaini, yalowesheni usiku kucha, myachuje na kunyunyizia jioni.

Pili, kila wiki pikeni pishi moja jipya, na watoto wa kiume washike mwiko. Mwanamume asiyejua kupika huwa mzigo siku mkewe anapougua.

Tatu, akina baba wahudhurie angalau mlo mmoja kwa siku pamoja na watu wao, simu zikiwa zimewekwa mbali. Na neno la kwanza la baba juu ya chakula liwe Bismillahi, na la pili liwe shukrani kwa aliyepika.

Nne, kwa upande wa msikiti, maji tunayotawadhia hutiririka kwenye mfereji na kupotea. Tunapendekeza yaelekezwe kwenye kona ya nyuma, tupande migomba na mipapai, na mbegu zikipatikana tugawane hapa baada ya Ijumaa. Lakini isiwe sababu ya kufungulia bomba kwa wingi, maana israfu katika udhu nayo ni israfu.

Ndugu waheshimiwa, huenda mtu akasema kwamba dunia ina matatizo makubwa kuliko miche. Mtume s.a.w. amefundisha kwamba hata Kiyama kikimkuta mmoja wetu ameshika mche mkononi, naye akaweza kuupanda, basi na aupande. Kama mche una thamani saa hiyo, una thamani na leo jioni.

Shinikizo letu la damu limeteremka, na dawa tunaendelea kumeza kama alivyoagiza daktari. Kijana wetu amevaa miwani yake, na hesabu bado zinamsumbua kidogo, ila hatoroki tena. Na Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya binti yetu, ambaye sasa ana miaka tisa. Alitupikia ugali wa mtama na biringanya za kuchoma, peke yake, bila kusaidiwa. Ugali ulikuwa umeungua upande mmoja, na biringanya zilisahauliwa chumvi kabisa. Alisimama mlangoni akitutazama usoni, akingoja neno letu. Tulikula mpaka sahani ikawa nyeupe, tukamwambia ahsante, mwanangu, Mungu akubariki. Mama yake alikuwa akiangalia kando.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, azijaalie riziki zetu ziwe za halali na nzuri, atusamehe maneno tuliyowaumiza nayo walio karibu nasi, na ailinde mikono inayotupikia. Amin.

Wassalaam alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.